Uchakavu wa Amplifaya Zilizohifadhiwa Bila Kutumika: Mfano wa Quad II na Quad 303

Amplifaya iliyokaa stoo kwa miaka thelathini bila kuwashwa mara nyingi huuzwa, na hata kupokelewa na wahifadhi, kana kwamba ni mpya. Dhana hiyo ina ukweli kwa upande mmoja tu: sehemu zinazochakaa kwa joto la kazi, hususan katodi za valvu, hubaki karibu na hali yake ya awali. Makala haya yanadai kwamba kukaa bila kazi ni uchakavu unaojitegemea, na kwamba madhara yake hujitokeza katika dakika za kwanza za kuwashwa. Mifano iliyoteuliwa ni Quad II ya mwaka 1953, inayotumia valvu, na Quad 303 ya mwaka 1967, inayotumia transista. Zote mbili ziliundwa Huntingdon, Uingereza.

Kiini cha tatizo kimo katika kapasita za elektrolaiti. Ndani yake mna utepe wa alumini uliofunikwa kwa tabaka la oksidi lenye unene wa takriban nanomita 1.4 kwa kila volti iliyotumika kulijenga kiwandani. Tabaka hilo ndilo kihami. Majimaji yanayolizunguka hulidhoofisha polepole, lakini kifaa kinapotumika, mkondo mdogo unaovuja hulijenga upya pale palipodhoofika. Kifaa kinapokaa kabatini, kinachobomoka hakijengwi. Volti kamili ikirudi ghafla, mkondo unaovuja huwa mkubwa, majimaji hupata joto, gesi huongezeka na kopo laweza kupasuka. Aidha, wahandisi hukadiria kwamba kila nyuzi 10 za Selsiasi zinazoongezeka hupunguza umri wa kapasita hizo kwa takriban nusu. Hivyo basi, amplifaya iliyohifadhiwa chini ya paa la bati katika mwambao wa Afrika Mashariki haiwezi kuhesabiwa umri sawa na nyingine iliyobaki Huntingdon, hata kama zilitoka kiwandani siku moja.

Tabaka la oksidi laweza kujengwa upya. Karatasi iliyonyonya unyevu haiwezi, na hapa ndipo Quad II inapoathirika zaidi. Katika amplifaya hiyo, valvu mbili za EF86 hupeleka mawimbi ya sauti kwa valvu mbili za KT66 kupitia kapasita ambazo kazi yake ya pili ni kuzuia mkondo mnyoofu. Kapasita ya karatasi inapovuja, volti chanya hufika kwenye gridi ya KT66, na valvu hupitisha mkondo kupita kiasi. Rezista ya ohmu 180, ambayo valvu zote mbili huitegemea, huungua. Hali ikiendelea, hatari huhamia kwenye transfoma. Kapasita ni kitu cha bei ndogo. Transfoma ya asili ikiungua, kinachobaki ni kuisuka upya.

Ushauri ulioenea miongoni mwa mafundi ni kupandisha volti kidogo kidogo kwa transfoma inayorekebishika. Kwa Quad 303 ushauri huo una mantiki, kwa kuwa diodi za silikoni hupitisha umeme tangu volti ya chini. Kwa Quad II ni nusu ya ukweli. Valvu yake ya GZ32, inayogeuza mkondo geu kuwa mnyoofu, haipitishi kitu mpaka ipate joto. Inapoanza kupitisha, volti tayari imeshapanda, na kapasita hupokea mruko uleule uliokusudiwa kuepukwa. Njia iliyo salama zaidi ni kuitenga kapasita na saketi, kisha kuijenga upya kwa chanzo kingine cha umeme kupitia rezista kubwa, kwa saa kadhaa, hadi mkondo unaovuja ushuke na kutulia. Kapasita za karatasi nazo zipimwe kwa volti ya kazi yake. Mita ya kawaida ya betri hutumia volti chache mno, na huonyesha kapasita mbovu kuwa nzima.

Katika Quad 303 hatari huelekea kwingine. Ugavi wake ni wa volti 67 za upande mmoja, na kati ya transista na spika kuna kapasita kubwa ya elektrolaiti. Ikivuja, mkondo mnyoofu huingia kwenye spika. Kwa sababu hiyo jaribio la kwanza lifanywe kwa rezista badala ya spika. Katika amplifaya zenye swichi na vidhibiti sauti, kutu huleta mikwaruzo ya sauti. Huo ni usumbufu tu.

Kwa makavazi ya sauti, suala gumu ni kwamba kubadilisha kapasita hufuta sehemu ya ushahidi wa utengenezaji wa awali. Hata hivyo, kuiacha kapasita mbovu mahali pake huku kifaa kikiwashwa ni kuhatarisha kilicho adimu kwa ajili ya kinachopatikana. Pale ambapo kifaa hakitawashwa tena, kapasita zote zibaki. Pale kitakapowashwa, zile za karatasi ziondolewe kwanza na zihifadhiwe pamoja nacho katika mfuko wenye lebo inayotaja nafasi ya kila moja katika saketi.