Bawa Linalotulia Mbele ya Mkaguzi

Mimi ni fundi bodi hapa Manundu, Korogwe. Nimenyoosha bampa za mabasi ya Handeni tangu barabara ya huko ikiwa ya vumbi, na najua hakuna bodi isiyocheza. Ipakie, ikimbize, itacheza tu. Kwa hiyo kijana wangu wa gereji aliposema mabawa ya Formula 1 yanayopinda ni wizi mtupu, nilimwambia asihukumu haraka.

Bawa la gari la mbio ni la ndege lililopinduliwa. Upepo hulikandamiza gari chini, tairi zikashika lami, dereva akala kona kwa kasi. Kwenye mnyoosho bawa hilohilo hugeuka mzigo, maana linazuia hewa. Likilala kidogo mnyooshoni na kusimama tena konani, dereva kapata vyote. Hilo ndilo lililokatazwa. Mwaka 1969 mabawa marefu ya magari ya Lotus yalivunjika Barcelona, madereva wake Graham Hill na Jochen Rindt wakapata ajali katika mbio zilezile. Baada ya hapo ikaamriwa bawa lifungwe imara, lisitembee.

Lakini kaboni nayo hupinda, na fundi akipanga nyuzi zake vizuri huchagua ipinde wapi. FIA, wasimamizi wa mbio, huweka mzigo wa kama kilo 100 kila upande wa bawa la mbele na kupima limeshuka kiasi gani. Ruhusa ilikuwa milimita 15. Kuanzia mbio za Hispania, Juni 2025, ikawa 10. Anayefaulu kipimo hicho, kwangu mimi si mwizi. Kasoma kanuni kuliko wenzake.

Wizi ninaoujua ulifanywa na gari tuliloshangilia sana huku kwetu: Toyota Celica, ambayo toleo lake la awali Mkenya Ian Duncan alishindia Safari Rally mwaka 1994. Kanuni ilitaka hewa yote ya turbo ipite kwenye pete nyembamba ili nguvu za injini zisizidi. Mwaka 1995, kwenye Rally ya Catalunya, wakaguzi waligundua kwamba mpira wa hewa ukikazwa kwa kifaa maalumu, pete husogea na kuacha mwanya, hewa ya ziada ikapita pembeni. Ukiulegeza mpira ili upime, springi zinairudisha pete mahali pake, kila kitu safi! Max Mosley, rais wa FIA wakati huo, alikiri hajawahi kuona ujanja uliotengenezwa kwa ustadi kiasi kile. Toyota wakanyang'anywa pointi zote za mwaka ule, wakafungiwa miezi 12.

Tofauti ni hapo. Bawa linapinda mbele ya macho ya mkaguzi. Pete ile ilitengenezwa ili imdanganye.

Ila bawa hupimwa gari likiwa limesimama. Basi la abiria nalo likikaguliwa limesimama stendi huwa na adabu zote. Mabasi yalipofungwa vifaa vya kufuatilia mwendo, dereva anayezidisha kilomita 80 kwa saa akaanza kuonekana akiwa njiani. FIA nao mwaka 2024 walifunga kamera za kutazama mabawa gari likikimbia, na nadhani walichelewa.

Kanuni za 2026 zinamruhusu dereva kufungua bawa la mbele na la nyuma kwenye mnyoosho. Kipimo cha mzigo bado kipo.