Mashine ya Kuosha Vyombo Dandora: Ni Kuomoka ama ni Kuchoma Doo?

Mwezi uliopita nilikuwa na thao 38 kwa M-Pesa, doo ya kuhaso ya miezi saba, na plani ilikuwa imeshaiva kichwani. Naingia Luthuli, nachukua kale kamashine kadogo ka kuosha vyombo, kale ka kukaa juu ya meza, narudi nako Phase 4 kwa nduthi. Majirani wachungulie. Niitwe mtoto wa maana.

Lakini haikuwa tu ya kujionyesha. Mathe ako na kibanda ya chapo madondo, na jioni vyombo za kibanda zinakuja kuungana na za keja. Siz wangu ako Form Four, na ndiye huosha. Kuna usiku niliingia saa nne unusu nikampata amelala juu ya kitabu ya Kemia, mikono bado inanuka sabuni. Mathe naye vidole zimepasuka, hata limau ikimgusa anaruka. Nikasema hapa mashine ni lazima.

Nikamwambia mathe. Hakushangilia. Aligeuza chapo, akaniangalia, akauliza, "Na hiyo kitu itakuwa inakunywa maji ya nani?"

Hilo swali lilinisimamisha wiki mbili. Nikasoma vile hizi mashine hufanya kazi, nikapima maji yetu kwa mtungi, nikahesabu tokeni. Haya ndiyo nilipata. Kama na wewe umekuwa ukizitolea macho TikTok, soma kwanza kabla utume doo.

Inafanyanga kazi aje?

Wengi hudhani ndani kuna brashi inasugua. Hakuna. Mashine inaingiza maji kidogo chini, heta inayapasha moto mpaka kitu kama nyuzi 50 hadi 70, halafu pampu inayarusha kupitia mikono miwili yenye matundu inayozunguka. Maji hayo hayo yanarudi chini, yanachujwa, yanarushwa tena. Kazi ya kusugua inafanywa na vitu tatu: joto, presha na sabuni kali yenye mkono wako hauwezi kustahimili. Mwishowe inamwaga maji chafu, inasuuza, inakausha.

Hii kitu si mpya. Mama mmoja wa Illinois, Marekani, Josephine Cochrane, alipata hati ya uvumbuzi mwaka wa 1886 kwa sababu wafanyakazi wake walikuwa wanavunja sahani zake za bei. Mwaka wa 1893 akaipeleka maonyesho makubwa ya Chicago. Wateja walikuja, lakini wengi walikuwa mahoteli. Nyumba za kawaida zilikawia miaka mingi sana, na sababu moja kubwa ni kwamba hazikuwa na maji moto ya kutosha ya kuilisha. Shika hiyo stori, kwa sababu ni yetu pia: mashine ilikuwa tayari kabla nyumba ziwe tayari.

Maji ndiyo bei ya kwanza

Mashine ya kawaida, ile ya kusimama chini, inataka bomba lake, maji yenye presha, na paipu ya kumwaga. Nyingi zinataka presha ya chini kabisa ya kama 0.4 bar. Kwa lugha ya ploti, hiyo ni tenki iliyoinuka mita nne hivi juu ya mashine. Sasa wewe unaishi flati ya juu kabisa na tenki iko paa tu hapo juu yako. Presha haitoshi. Wa chini ako na presha, lakini bomba ni la kushea na keja nane.

Na hapa si makosa ya mtu wa Dandora. Huu mtaa ulipangwa miaka ya 70, mkopo wa Benki ya Dunia wa 1975, ploti karibu 6,000. Kila ploti ilipewa choo, bafu, maji na njia ya maji taka, kisha mwenyewe ajijengee polepole. Paipu ilihesabiwa kwa hiyo ploti ya zamani. Leo pale pale kumepanda ghorofa. Ongeza na ratiba ya mgao: kampuni ya maji ya Nairobi ilianza kugawa maji kwa siku tangu Januari 2017, bwawa la Ndakaini lilipoteremka, na huku kwetu mgao ni kitu tumezoea kama matatu kupandisha fare ikinyesha.

Kuna dawa kidogo. Kuna mashine za meza ziko na tenki yake ndani. Unamimina lita tano hivi kwa jagi, haitaki bomba, na maji chafu inatoka kwa paipu ndogo mpaka kwa ndoo. Kama utanunua yoyote huku, ni hiyo. Lakini kama maji yako ni ya borehole, ile ya chumvi, utaona sahani na glasi zinatoka na madoa meupe na heta inashika magaga. Inabidi mashine iwe na mahali pa kuweka chumvi yake maalum, na uwe unainunua.

"Lakini si inasevu maji?"

Hii ndiyo laini wauzaji hupenda. Na si uongo, shida ni inalinganishwa na nani. Chuo Kikuu cha Bonn, Ujerumani, kiliwahi kupima watu kutoka nchi za Ulaya wakiosha kwa mkono vyombo za watu 12. Wastani ulikuwa lita 103. Lita 103! Hiyo ni mitungi mitano na maji ya kuonja. Wengine wao wanaosha bomba likiwa wazi.

Dandora ni nani huosha bomba likiwa wazi? Sisi ni karai mbili, moja ya povu na moja ya kusuuza. Nilipima kwetu: vyombo za chakula cha jioni, watu wanne, zilikula lita 16. Mashine ndogo ingekula kama 6 au 7. Sawa, imesevu. Lakini yale maji ya karai ya pili hayamwagwi, yanapiga deki kisha yanaflashi choo. Kwa hivyo ile tofauti ni ndogo kuliko vile inaonekana kwa boksi.

Stima: chunga laini ya uniti 30

Heta ya hizi mashine inakula stima nyingi, kama keto ya umeme. Keto ni dakika chache. Hii itawaka na kuzima kwa muda mrefu, na mzunguko wa kawaida unaweza kukula saa moja na nusu mpaka tatu. Mashine ndogo itatumia kitu kama uniti 0.7 kwa mzunguko. Mara moja kila siku, hiyo ni uniti 21 kwa mwezi.

Sasa cheki mtego. Wateja wa Kenya Power wanaotumia chini ya uniti 30 kwa mwezi wako kwa bei ya chini kabisa. Mashine ikichukua 21, umebaki na tisa za taa, TV, simu na pasi. Utavuka, na ukivuka bei ya kila uniti inapanda, si ya mashine pekee. Ile redio yako ya asubuhi pia imepanda bei.

Na kama stima ni ya landlodi, muulize kwanza. Ploti nyingi koili imepigwa marufuku. Usidhani atafurahia heta ingine kwa sababu inaosha sahani.

Sufuria ndizo zinaua stori

Hapa ndipo mimi nilivunjika roho kabisa. Fungua jikoni yako uangalie. Sufuria ni za alumini, labda za Kamukunji. Sabuni ya mashine inashambulia alumini, sufuria inatoka imefubaa, ya kijivu, hata nyeusi. Mwiko wa mbao unapasuka. Hotpoti na chupa ya chai haziingii. Vikombe za plastiki nyepesi zinajikunja. Na ukoko wa ugali? Hauoshwi na maji ya kurushwa. Unalowekwa kwanza, halafu mkono na waya.

Ukitoa hizo zote, mashine imebaki na nini? Sahani, glasi, vikombe za udongo na vijiko. Yaani imechukua ile kazi rahisi ikakuachia ile ngumu.

Na ile mashine ndogo ikisema ni ya "watu sita", hao watu sita ni wa Ulaya, sahani bapa na kisu na uma. Haijui bakuli ya githeri.

Hesabu ya mwezi

Nilichukua kalamu. Mashine ya thao 38 ikikaa miaka mitano bila kuharibika ni kama 630 kwa mwezi. Stima, nikiweka bob 28 kwa uniti, ni kama 600. Tembe za sabuni, bob 40 kila siku, ni 1,200. Usijaribu sabuni ya kawaida ya maji, povu itatoka kwa mlango kama ya bia. Maji, mitungi 11 hivi kwa bei ya ashu mpaka mbao, weka 160. Jumla inacheza 2,600 kwa mwezi. Sabuni yetu ya sasa ni soo tatu.

Nikajiambia basi, kesi imeisha. Soo tatu kwa 2,600, nani mjinga?

Halafu nikaona nimedanganya. Kwa ile hesabu nilikuwa nimeandika sabuni, maji, stima, lakini kazi ya siz nilikuwa nimeweka sufuri. Saa mbili kila usiku, mwaka wa mtihani, bure. Ndiyo maana karai huonekanga rahisi kuliko mashine: kuna mtu halipwi.

Kwa hivyo nikapima upya, sasa kwa saa. Siku tatu nilikaa na simu nikihesabu dakika. Sahani, vikombe na vijiko za keja zilikula kama dakika 35. Sufuria, hotpoti na vyombo za kibanda zilikula saa moja na dakika 25. Mashine ingemrudishia siz nusu saa peke yake. Ile saa na nusu ingebaki pale pale kwa karai.

Na kama una kibanda?

Mashine ya nyumbani isikudanganye. Lanchi ikianza unataka sahani 30 zizunguke haraka. Mashine ya saa mbili haiwezi. Zile za mahoteli huosha treyi moja kwa dakika mbili tatu, lakini hiyo ni bei ya kununua kibanda yenyewe, na inataka stima na maji ya maana. Kibanda inahitaji sahani za ziada na mtu wa kuosha anayelipwa.

Basi nani anunue?

Si kila mtu aseme hapana. Jiulize hizi tano:

1. Maji inafika kwako siku ngapi kwa wiki, na una tenki yako?
2. Tokeni ni yako, na tayari uko juu ya uniti 30?
3. Vyombo zako nyingi ni za glasi, udongo na chuma isiyoshika kutu?
4. Kuna mahali pa kumwaga maji moto bila kupigana na jirani?
5. Kuna mtu kwa nyumba mikono yake imekataa kabisa, mgonjwa ama mzee?

Ukisema ndiyo nne kati ya hizi, nunua ile ya tenki ya ndani, ya dukani, yenye waranti na fundi anayejulikana. Ya mtumba wacha, isipokuwa muuzaji akubali kuiwasha mbele yako imalize mzunguko mzima na uone haivuji. Pampu ikikufa na hakuna spea, umenunua kabati ya bei.

Ukisema ndiyo mbili ama chini, doo yako iende kwingine kwanza.

Mimi nilifanya nini?

Sikununua. Nilichukua tenki ya lita 250, sinki ya chuma, fundi akaweka bomba na paipu ya kumwaga mpaka kwa mtaro. Nikaongeza glavu mbili nzito na sahani dazeni za kibanda, ndio zisioshwe usiku kwa haraka. Yote ilikula thao 16 na kitu. Mathe sasa anaosha amesimama, hajainama kwa karai. Vidole bado, lakini glavu anavaa, saa zingine.

Halafu kile kitu kingine, chenye hakina risiti. Jumatatu mpaka Alhamisi sufuria ni zangu. Siku ya kwanza mathe alicheka mpaka akaketi. Nilitoboa sufuria ya chai nikiikwaruza. Siku ya pili siz alipita na vitabu zake, akaniangalia, akaniambia, "Hapo nyuma umeacha masizi." Akaingia ndani kusoma.

Karibu thao 22 imebaki. Maji ikianza kuja kila siku nitarudi Luthuli. Na kwako je, vyombo huoshwa na nani, na analipwa ngapi? Tupatane kwa komenti.