Kidole Kimoja Hakivunji Chawa: Uweledi wa Timu katika Michezo ya Kielektroniki

Michezo ya kielektroniki, yaani mashindano rasmi ya gemu za kompyuta yenye ratiba, waamuzi, mikataba na zawadi za fedha, hudhaniwa na wengi kuwa uwanja wa vijana wenye vidole vyepesi tu. Wepesi huo unahitajika kweli, lakini katika gemu za timu kinachomtenganisha mchezaji wa kulipwa na mpenzi wa kawaida ni uwezo wake wa kufikiri, kusema na kuamua pamoja na wenzake ndani ya sekunde chache.

Nchi iliyotangulia kuujenga uweledi huu ni Korea Kusini. Baada ya msukosuko wa kiuchumi wa 1997, intaneti ya kasi ilienea nchini humo pamoja na PC bang, yaani kumbi za kompyuta ambamo mteja hulipia kwa saa, na humo gemu ya StarCraft, iliyotoka mwaka 1998, ikapata mashabiki wengi. Mwaka 2000 likaundwa shirikisho la michezo hiyo, KeSPA, huku televisheni za kebo zikirusha mechi na kampuni kubwa, zikiwamo za simu, zikifadhili timu ambazo wachezaji wake waliishi nyumba moja na kufanya mazoezi chini ya kocha.

Mfano mzuri wa uchezaji wa timu ni League of Legends, gemu iliyotolewa na kampuni ya Riot Games ya Marekani mwaka 2009. Timu mbili za watu watano watano hushindana kubomoa ngome kuu ya mpinzani katika ramani yenye njia tatu zinazotenganishwa na msitu. Kila mchezaji huongoza mhusika mmoja, na hujipatia dhahabu ya kununulia silaha kwa kuwaua askari wadogo wa upande wa pili. Hata hivyo, dhahabu hiyo hulipwa kamili kwa yule tu aliyepiga pigo la mwisho, kwa hiyo anayewahi na anayechelewa hata kwa nukta moja ya sekunde hukosa wote.

Ustadi huo wa mkono hauwezi kuonyesha kilichofichwa na ukungu, yaani giza linalofunika kila sehemu ya ramani ambayo timu haina chochote cha kuimulika, kwa hiyo kila mchezaji huwategemea wenzake wamwambie walichokiona. Kwa mfano, wahusika wengi hubeba uwezo uitwao Flash, mruko mfupi wa kujiokoa ambao, ukishatumika, kwa kawaida haurudi mpaka dakika tano zipite. Mchezaji anayemwona adui akiutumia huwatangazia wenzake mara moja kupitia kipaza sauti, nao huhesabu muda na kupanga shambulio kabla dakika hizo hazijaisha. Asiposema, nafasi hiyo hupotea bila mtazamaji kujua kwamba ilikuwapo.

Uzito wa mawasiliano hayo ulidhihirika mwaka 2023 katika timu ya T1 ya Korea Kusini. Lee Sang-hyeok, ajulikanaye kama Faker, ambaye hucheza njia ya kati tangu 2013, alilazimika kupumzika kwa wiki kadhaa kutokana na maumivu ya mkono, na katika mechi nane za ligi zilizochezwa bila yeye, T1 ilipoteza saba. Wenzake wanne walikuwa walewale, na ustadi wa vidole vyao haukupungua. Kilichokosekana ni kiungo aliyewaunganisha, kama timu ya soka inavyopwaya anapotoka mgawaji wake wa mipira. Aliporejea, timu hiyohiyo ilitwaa ubingwa wa dunia mjini Seoul mwezi Novemba, kwa ushindi wa 3-0 dhidi ya Weibo Gaming ya China.

Kwa kuwa Riot Games hurekebisha nguvu za wahusika takriban kila baada ya wiki mbili, mbinu iliyokaririwa leo huweza kuchakaa kabla ya mwezi kuisha, ilhali mazoea ya kusikilizana hudumu. Kwa sababu hiyo, kocha makini huketi na wachezaji wake kuitazama upya mechi iliyochezwa, akisimamisha picha pale kosa lilipotokea, ili wote wajue ni nani aliyeona, ni nani aliyenyamaza, na ni neno gani lilipaswa kusemwa.