Kinachofika Mwisho wa Waya: Rekodi za Bodi ya PoE

Bodi ya PoE (Power over Ethernet) hupachikwa juu ya kompyuta ndogo ya Raspberry Pi ili umeme na mtandao viingie kwa kebo moja. Soketi ya ukutani haihitajiki tena pale kompyuta ilipo. Anayefunga kamera darini, kituo cha kupima hali ya hewa shambani au seva ndogo ya shule anaelewa mara moja nafuu iliyopo hapo. Maboksi ya vifaa hivi yamejaa namba kubwa, na namba hizo humpoteza mnunuzi. Zifuatazo ni rekodi zenye maana, zote zikipimwa kwa mizani moja: umeme unaofika, si unaotoka.

Kiwango kikongwe zaidi

Kampuni ya Cisco ilianza kupitisha umeme kwenye kebo za mtandao mwaka 2000, kwa ajili ya simu za mezani. Kiwango cha kwanza cha pamoja, IEEE 802.3af, kilikuja 2003. Poti ya swichi ya mtandao hutoa wati 15.4, na kifaa huhakikishiwa wati 12.95. Pengo la wati 2.45 ni joto linalopotelea njiani: mkondo wa ampea 0.35 ukipita kwenye waya wenye ukinzani wa omu 20, hesabu inatoa jibu hilohilo. Mwaka 2009 kiwango cha 802.3at kiliongeza kipimo: wati 30 zinatoka, 25.5 zinafika.

Nguvu kubwa zaidi

Rekodi inashikiliwa na 802.3bt ya mwaka 2018. Inatumia jozi zote nne za nyaya ndani ya kebo na kutoa hadi wati 90. Kwenye kebo ndefu kabisa, kifaa huhakikishiwa wati 71.3. Yaani wati 18.7 zinaweza kupotea njiani, na hasara hiyo peke yake inazidi umeme wote ambao poti ya mwaka 2003 iliweza kutoa. Raspberry Pi haihitaji kiasi hicho, kwa hiyo swichi ya kiwango hicho si lazima kwa kazi zetu nyingi.

Umbali mrefu zaidi

Mita 100, sawa na kikomo cha kawaida cha kebo ya Ethaneti. Umbali huo unawezekana kwa sababu umeme husafiri kwa volti zinazokaribia 48, si kwa volti 5 ambazo Pi hutumia. Ukituma volti 5 kwenye waya uleule wa omu 20, hata nyaya zikigusana kule mwisho hautapita mkondo unaozidi ampea 0.25, ilhali chaja rasmi ya Pi 4 hutoa ampea 3. Ndiyo maana kazi kuu ya bodi ya PoE ni kushusha volti mlangoni mwa kompyuta.

Tahadhari kubwa zaidi

Hii ndiyo rekodi inayostahili heshima kuliko zote. Swichi inayofuata kiwango haimwagi umeme hovyo. Kwanza hupeleka volti chache tu, kati ya 2.7 na 10.1, ikitafuta ukinzani wa takriban omu 25,000 upande wa pili. Ikiukuta, inajua kuna kifaa cha PoE, kisha inapima daraja lake na kufungulia nguvu. Ikiukosa, haitoi kitu, na kompyuta ya kawaida iliyochomekwa hapo inabaki salama.

Tahadhari hiyo haipo kwenye injekta za volti 24, yaani vifaa vya kuingiza umeme kwenye kebo ya mtandao, zinazokuja na antena nyingi za intaneti ya redio, ambazo mafundi wa Dar es Salaam na Nairobi wanazijua vizuri. Hizo husukuma umeme bila kuuliza. Bodi ya 802.3af haiwezi kutegemea volti 24, na kifaa kisichoandaliwa kwa PoE kinaweza kuungua. Soma maandishi kwenye injekta kabla ya kuchomeka chochote.

Pi ya kwanza kuandaliwa

Ni Raspberry Pi 3 Model B+, iliyotoka tarehe 14 Machi 2018 ikiwa na pini nne za ziada zinazochukua umeme kutoka tundu la Ethaneti. Bodi rasmi, PoE HAT, ilifuata Agosti mwaka huo ikiwa na feni ya milimita 25 na uwezo wa ampea 2.5. Baadhi ya wateja waligundua kuwa vifaa vyao vya USB havipati mkondo wa kutosha, kampuni ikakiri kasoro hiyo na kutoa toleo lililorekebishwa. PoE+ HAT ya mwaka 2021 ilipandisha uwezo hadi ampea 4. Ukiuziwa bodi iliyotumika, uliza ni toleo lipi.

Mlaji mkubwa zaidi

Pi 5, iliyoingia sokoni Oktoba 2023, inataka volti 5 kwa ampea 5 ili ifanye kazi bila kujibana. Pini zake nne zimehamishwa, hivyo bodi za Pi 3 na Pi 4 haziingiani nayo. Isipoambiwa kuwa umeme unatosha, huwekea poti zote za USB kikomo cha miliampea 600. Kama bodi yako kweli inatoa ampea 5, weka `usb_max_current_enable=1` kwenye faili la config.txt. Kama haitoi, kikomo hicho kinakulinda, kiache.

Faida kubwa zaidi

Kuwasha na kuzima kutoka mbali. Kampuni ya Mythic Beasts ya Uingereza hukodisha Raspberry Pi kama seva zinazopata umeme kwa kebo ya mtandao na kuwaka bila kadi ya kumbukumbu. Seva ikiganda, poti inazimwa na kuwashwa upya bila mtu kuigusa. Kwetu kuna faida nyingine: UPS moja chini ya swichi hulinda kamera na kompyuta zote umeme unapokatika.

Akiba yenye hasara kubwa zaidi

Kebo za alumini zilizopakwa shaba. Ni nyepesi na bei yake inavutia, lakini ukinzani wake unakaribia mara moja na nusu ya shaba tupu, na viwango vya kebo za mtandao vinadai shaba. Kebo hizo hupata joto zaidi na kufikisha kidogo, hasa zikifungwa nyingi pamoja. Kwangua ncha ya waya kwa kisu: ukiona weupe ndani, irudishe dukani.

Hatua chache zaidi za kufunga

Zima Pi na uchomoe chaja. Funga nguzo nne za pembeni, kisha shusha bodi sawasawa ili pini 40 na zile nne ziingie kwa pamoja bila kupinda. Chomeka kebo, na chaja ya USB uiweke kando. Sasisha programu. Kwa bodi rasmi, mstari `dtparam=poe_fan_temp0=50000` kwenye config.txt huwasha feni joto likifika nyuzi 50.

Kisha ipe kompyuta kazi nzito, pamoja na vifaa vyote vya USB utakavyotumia, uandike `vcgencmd get_throttled`. Jibu likiwa `0x0`, tangu ilipowashwa volti hazijashuka na kasi haijapunguzwa. Likiwa jingine, anza kukagua kebo, kisha poti ya swichi, kisha bodi. Fanya kipimo hiki kabla ya kupandisha kompyuta juu ya mlingoti, kwa sababu kosa hurekebishwa kwa urahisi ikiwa bado mezani.