Je, Wajua? Kona Ndogo Kati ya Sikio na Ubongo

Je, wajua kuwa ndani ya fuvu lako, usawa wa sikio, kuna mfereji wa mfupa wenye urefu wa sentimita 1 tu, na humo zimebanana neva 4? Moja huleta sauti, mbili hukupa usawa usianguke, na ya nne huchezesha uso mzima: kukonyeza, kubusu, kununa. Usijisumbue kupapasa, huufikii.

Mfereji huo umepita katikati ya mfupa mgumu kupindukia, pengine mgumu kuliko mwingine wowote mwilini. Ndiyo maana wataalamu wa DNA ya kale, wakifukua mifupa ya maelfu ya miaka, huo ndio wanaoukimbilia kwanza. Nyama imeisha, nywele zimeisha, mfupa wa sikio bado una habari zako!

Na mlango wake wa ndani unatazama wapi? Shina la ubongo! Unene wake ni kama wa kidole gumba, ila pumzi, mapigo ya moyo na kumeza mate vyote vinaendeshwa humo. Kati ya jozi 12 za neva za kichwani, jozi 10 hutokea hapo.

Basi kwenye kona hiyo hiyo huota uvimbe uitwao shwanoma. Si saratani na hausambai mwilini. Kwa kawaida hukua milimita 1 au 2 kwa mwaka, na mara nyingi hukaa tu, miaka nenda miaka rudi, bila kuongezeka hata kidogo.

Wakati mwingine dawa ya kwanza anayoandikiwa mgonjwa ni kusubiri. Ndiyo, kusubiri! Anapigwa picha ya kichwa, anarudi nyumbani, baada ya miezi kadhaa anapigwa nyingine, na kama uvimbe haujakua, kisu kinabaki kabatini.

Sasa shikilia hapo. Uvimbe huu huota kwenye neva ya usawa, lakini mgonjwa hulalamikia kusikia! Zaidi ya 9 kati ya 10 huanza kuziba sikio moja, na mara nyingi sikio hilo hulia peke yake, vuuu, usiku na mchana.

Na usawa je, mbona hawaanguki ovyo? Kwa sababu uvimbe huiua neva taratibu sana, ubongo unapata muda wa kuzoea, na sikio la pili linabeba kazi ya wawili. Unaweza kupoteza neva nzima ya usawa na usijue.

Wengi huanza kushtuka kwa sababu ya simu. Mtu anaihamisha kutoka sikio moja kwenda jingine, na ghafla yule anayeongea naye anaeleweka. Kwenye sikio bovu sauti ilikuwa inaingia, lakini maneno hayashikiki. Wewe simu yako unaiweka sikio gani? Haya, leo jaribu la pili.

Je, wajua ubongo unajuaje honi imetoka kulia au kushoto? Unapima tofauti ya muda wa sauti kufika masikio mawili, na tofauti hiyo haifiki hata milisekunde 1! Ukibaki na sikio moja, honi unaisikia vizuri kabisa, ila hujui ukimbilie upande gani.

Kuna kipimo ambacho mgonjwa anaweza kufanyiwa akiwa amesinzia. Anavalishwa vipokea sauti, vinatoa mlio wa tik-tik-tik, na vibandiko kichwani vinanasa mawimbi 5 ya umeme yakipanda kutoka sikioni hadi shina la ubongo, yote ndani ya milisekunde 10. Wimbi la tano likichelewa upande mmoja kwa milisekunde 0.2 zaidi ya upande wa pili, daktari anakunja uso. Sehemu 1 ya 5,000 ya sekunde, jamani!

Siku hizi mfalme ni MRI. Mgonjwa anadungwa dawa yenye madini ya gadolini, na uvimbe wa milimita 2 au 3 unang'aa kwenye picha. Kichekesho ni kwamba mashine hiyo ya kuchunguza sikio hupiga kelele zinazoweza kuvuka desibeli 100, kwa hiyo mgonjwa wa masikio lazima azibwe masikio.

Mtu wa kwanza kuueleza uvimbe huu alikuwa Eduard Sandifort, wa Leiden, Uholanzi, mwaka 1777. Aliukuta kwenye maiti ya mwanamke aliyekuwa kiziwi, akauona umeganda kwenye neva na shina la ubongo, akahitimisha kuwa hakuna dawa wala kisu kitakachoufikia. Ilichukua zaidi ya miaka 100 kumbishia.

Aliyembishia, utashangaa, alitumia kidole! Mwaka 1894 mjini London, Charles Ballance aliingiza kidole chake kati ya uvimbe na shina la ubongo, akauchokoa hadi ukatoka. Mgonjwa alipooza uso na akapoteza jicho, lakini miaka zaidi ya 10 baadaye alikuwa angali hai. Baadaye wajuzi walianza kutilia shaka kama ule ulikuwa shwanoma kweli.

Kwa hiyo wengi humpa heshima ya kwanza Thomas Annandale wa Edinburgh, Uskoti. Mwaka 1895 alimpasua mama wa miaka 25, akautoa uvimbe, mama akapona. Je, nimekuambia alikuwa mjamzito? Alikuwa mjamzito! Na akajifungua salama.

Usidhani kila mtu alibahatika hivyo. Hadi mwaka 1913, mabingwa wakubwa wa Ulaya walikuwa wakipoteza kati ya wagonjwa 67 na 83 katika kila 100. Soma tena hiyo tarakimu.

Akaja Harvey Cushing, Boston. Alikataa papara: alichokonoa uvimbe kwa ndani na kuacha ganda lake limeshikamana na shina la ubongo. Mwaka 1917 vifo vilikuwa vimeshuka hadi karibu 20 kwa 100, na ilipofika 1931 vilikuwa karibu 4. Leo, hospitali zenye uzoefu hazipotezi hata 1 kati ya 100.

Walter Dandy, kijana aliyefunzwa na Cushing huyo huyo, akasema: kwa nini kuacha ganda? Mwaka 1922 akatangaza njia ya kuutoa uvimbe wote. Mwalimu alimwandikia barua ya hasira. Mimi nawaelewa wote wawili: ganda likibaki uvimbe hurudi, ganda likivutwa vibaya mgonjwa harudi.

Sasa twende kwa madaktari wa meno, maana bila wao hadithi hii isingefika popote. William House wa Los Angeles alisomea meno kwanza, ndipo akageukia masikio. Miaka ya 1960 alichukua keekee ya kasi na hadubini, akatoboa mfupa mgumu wa nyuma ya sikio, na akafungua njia ambayo wapasuaji wa ubongo hawakuwa wakiitumia.

Hadubini yenyewe ilianzia masikioni! Carl-Olof Nylén wa Stockholm aliitumia kwenye upasuaji wa sikio mwaka 1921. Wapasuaji wa ubongo walikaa miaka 36 bila kuiazima, hadi 1957 Theodore Kurze alipomtoa mtoto wa miaka 5 uvimbe wa neva ya uso, jirani kabisa na neva tunayoizungumzia.

Na bado meno hayajaisha. Kile kifaa cha daktari wa meno kinachotikisika na kubandua ugaga ndicho kilichozaa kifaa kinachomumunya uvimbe siku hizi. Ncha yake hutikisika kama mara 23,000 kwa sekunde, ikisaga uvimbe na kuufyonza hapo hapo. Sikio la binadamu huishia 20,000, kwa hiyo uvimbe unaoziba sikio huvunjwa kwa mtikisiko ambao hakuna sikio la binadamu linaloweza kuusikia!

Njia ya House ina bei yake. Kufika kwenye uvimbe lazima utoboe kiungo chenyewe cha usawa na kukiharibu, na usikivu wote wa sikio hilo unaondoka siku hiyo hiyo. Mwenye usikivu mzuri hutafutiwa njia nyingine.

Na shimo linalobaki linazibwa na nini? Mafuta ya tumboni! Daktari anachana kidogo tumbo la mgonjwa, anachota kipande cha mafuta, na kukishindilia nyuma ya sikio ili maji ya ubongo yasivuje. Kitambi nacho kina siku yake.

Hata neva ya sauti ikibaki nzima kabisa, mgonjwa anaweza kuamka kiziwi. Sababu ni kamshipa kamoja ka damu kanakolisha sikio la ndani, kasikokuwa na msaidizi. Kakibanwa au kakiziba, sikio linakufa.

Lakini kinachomtoa daktari jasho zaidi ni neva ya uso. Uvimbe mkubwa huisukuma na kuitandaza hadi inakuwa ukanda mwembamba unaoonyesha ng'ambo. Zamani, Herbert Olivecrona wa Stockholm alimweka nesi amkodolee mgonjwa macho usoni. Uso ukicheza, nesi anasema, daktari anasimama.

Leo kazi ya nesi huyo inafanywa na sindano nyembamba zilizochomekwa kwenye misuli ya uso, zimeunganishwa na spika. Daktari akiigusa neva, chumba kizima kinasikia ta-ta-ta-ta! Saa zinapita, 4, 8, hata zaidi, na kila mtu ametega sikio kwa mlio huo.

Neva ikijeruhiwa, hurudi kwa mwendo wa milimita 1 hivi kwa siku. Piga hesabu kutoka ubongoni hadi mdomoni: ni miezi! Mwigizaji Mark Ruffalo, yule wa Hulk, amesimulia mwenyewe jinsi alivyoota ndoto kuwa ana uvimbe kichwani, akapimwa, ukakutwa kweli, na baada ya upasuaji uso wake ukalala kwa miezi kadhaa. Sikio la kushoto halikurudi.

Wakati mwingine nyuzi za neva zikirudi hupotea njia, na zile zilizokuwa za mate huingia kwenye tezi ya machozi. Matokeo yake mtu anakula pilau huku analia! Madaktari huyaita machozi ya mamba, na mgonjwa hana huzuni yoyote.

Jicho lisilofumba je? Linawekewa dhahabu! Kipande cha gramu 1 hivi hushonwa ndani ya kope la juu, uzito wake unalivuta chini, jicho linafumba. Ila mgonjwa akilala chali uzito haumsaidii tena, kwa hiyo usiku anapaka marhamu.

Na neva ya uso ikikatika moja kwa moja, daktari anaweza kuazima neva ya ulimi na kuiunga usoni. Mgonjwa hujifunza kutabasamu kwa kusukuma ulimi. Ballance, yule yule wa kidole, alitangulia kwa kuazima neva ya bega: mtu alisogeza bega, uso ukacheza! Kwangu mimi hao wanaojifunza upya kutabasamu mbele ya kioo, wakiwa watu wazima, ndio mabingwa wa safu hii.

Je, wajua pia kuna upasuaji usiochana hata ngozi? Lars Leksell wa Uswidi aliuwaza mwaka 1951, na mashine yake ya kwanza, Gamma Knife, ikakamilika miaka ya 1960 ikiwa na vyanzo 179 vya kobalti. Mwaka 1969 ikaelekezwa kwenye uvimbe wa neva hii. Mashine za leo zina miale 192. Kila mmoja peke yake ni dhaifu, lakini yote inakutana kwenye uvimbe.

Usitarajie uvimbe kutoweka, hapana. Miale huukomesha usikue, na kwa zaidi ya 9 kati ya 10 hufanikiwa. Mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyo hiyo au kesho yake, nywele zake zote kichwani.

Aliyekwenda Stockholm kusoma kwa Leksell ni Mmarekani John Adler, ambaye baadaye, akiwa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alibuni CyberKnife: mkono wa roboti unaozunguka mgonjwa ukipiga miale bila kumfunga fremu ya chuma kichwani. Huna haja ya kwenda Stanford kuiona. Ipo Hospitali ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, Kenya!

Wapo wanaoota uvimbe masikio yote mawili. Kosa liko kwenye jeni moja ya kromosomu ya 22, iliyogunduliwa mwaka 1993, na karibu nusu yao hawana ndugu mwenye ugonjwa huo. Mwaka 2009 madaktari wa Boston waliwapa wagonjwa 10 wa aina hii dawa ya saratani iitwayo bevacizumab: uvimbe ulisinyaa kwa 9. Kati ya 7 ambao usikivu wao uliweza kupimwa, 4 walisikia vizuri zaidi.

Na wale waliopoteza neva zote mbili? Mwaka 1979, House na mwenzake William Hitselberger waliruka sikio, wakairuka na neva, wakaweka elektrodi moja kwa moja kwenye shina la ubongo la mwanamke aliyekuwa anaelekea kuwa kiziwi kabisa. Akasikia sauti, na akakitumia kifaa hicho kwa miongo. Leo kipo chenye elektrodi 21.

Wengi hawasikii maneno yote kwa kifaa hicho. Husikia mdundo wa maneno, wakakamilisha kwa kusoma midomo. Na usidhani ni cha wenye uvimbe tu! Huko Verona, Italia, Vittorio Colletti alianza kuwawekea watoto waliozaliwa bila neva ya kusikia kabisa, na baadhi yao wamejifunza kuongea.