Una sukari au presha? Usitoroke siku ya kliniki

JE, wewe ni miongoni mwa wale ambao kadi yao ya hospitali imejaa tarehe hadi ikabidi waunganishiwe nyingine kwa pini? Ikiwa una maradhi ya sukari, na hasa ikiwa sukari hiyo imeandamana na shinikizo la damu kama ilivyo kwa wengi, basi unaijua siku ya kliniki kuliko unavyoijua siku ya soko. Unaamka saa kumi alfajiri, unaondoka bila kuonja kitu, unapanda matatu ya kwanza, na bado ukifika unakuta watu arobaini wamekutangulia kwenye benchi.

Unapimwa uzani, unapimwa presha, unatobolewa kidole, unangoja. Saa sita unamwona daktari kwa dakika chache. Kisha unapiga foleni nyingine kwenye dirisha la dawa, ambako huenda ukaambiwa kuwa dawa moja kati ya tatu haipo, ukainunue nje. Unarudi nyumbani jioni ukiwa umechoka kuliko ulivyoondoka, na kwenye kadi kumeandikwa tarehe nyingine.

Hebu piga hesabu. Anayeitwa kila mwezi hutumia siku 12 kwa mwaka. Ongeza siku za maabara, kwani mara nyingi damu hutolewa siku moja na majibu yakafuatwa siku nyingine. Ongeza kliniki ya macho, ambayo mwenye sukari anafaa kufika angalau mara moja kwa mwaka hata kama anaona vizuri. Ongeza kupimwa figo kwa mkojo na damu, na kukaguliwa miguu. Kwa mwajiriwa wa ofisini, hizo ni ruhusa za kuomba kwa mkubwa wake. Kwa fundi wa jua kali, mama anayeuza mboga au kibarua wa shamba la chai, hizo ni siku ambazo hakuna kilichoingia mfukoni ilhali nauli imetoka.

Si ajabu basi kwamba wengi huanza kutoroka. Hawamwambii mtu. Mara ya kwanza kulikuwa na mazishi, mara ya pili shule zilikuwa zikifunguliwa na pesa zote zikaenda kwa karo, na mara ya tatu wanaona haya tu, kwa kuwa wanajua sista atawafokea mbele ya watu. Mwishowe kadi inawekwa chini ya godoro. Na ubaya wa maradhi haya mawili ni kwamba mara nyingi hayaumi. Mtu anaweza kukaa miaka akijiona mzima huku mishipa midogo ya macho na ya figo ikiharibika kimyakimya. Siku anaporudi hospitalini, kinachomrudisha ni kidonda cha mguu kisichopona.

Makala haya hayakusudii kukuhubiria uvumilivu. Benchi lile ni gumu na kila anayelikalia anajua hivyo. Yanakusudia kukuonyesha kuwa baadhi ya safari hizo zinaweza kupunguzwa bila kujidhuru, na kwamba zile zisizoepukika zinaweza kukufaa zaidi kuliko zinavyokufaa sasa.

Njaa kwenye foleni

Tuanze na jambo lenye hatari ya papo hapo. Wagonjwa wengi wa sukari huambiwa waje asubuhi bila kula ili damu yao ipimwe. Wanatii. Lakini baadhi yao hudunga insulini au kumeza vidonge vya kushusha sukari alfajiri kama kawaida yao, kisha wanakaa na njaa hadi saa tano. Dawa inafanya kazi yake, chakula hakipo, na sukari inashuka kupita kiasi. Mtu anaanza kutokwa na jasho, mikono inatetemeka, moyo unadunda, maneno yanamchanganya. Wa kando yake wanadhani amechoka na safari. Akiachwa hivyo anaweza kuzirai.

Kwa hivyo muulize daktari mapema, wala usingoje asubuhi ya siku yenyewe: nitakapokuja bila kula, dawa gani nimeze na ipi nibebe? Kwa kawaida dawa za presha humezwa kwa maji kidogo kama siku nyingine. Zile zinazoshusha sukari, hasa insulini na vidonge kama glibenklamidi, mara nyingi huhitaji kungoja hadi damu itolewe na chakula kiwe tayari mbele yako. Beba chakula chako kutoka nyumbani, hata kama ni viazi vitamu viwili na chai ya chupa isiyo na sukari. Na mfukoni weka sukari ya mezani, vijiko vitatu au vinne vya chai, iliyofungwa kwa karatasi. Ukihisi dalili hizo, koroga katika maji unywe, au kunywa nusu ya chupa ya soda ya kawaida ya mililita 300, kisha upimwe tena baada ya dakika 15. Usione aibu kumwita muuguzi na kuruka foleni. Sukari iliyo chini ya 4 kwenye mashine haingoji zamu.

Uliza pia kama ni lazima uje bila kula. Kipimo kiitwacho HbA1c, ambacho siku hizi hutumika sana, hakihitaji mtu afunge. Wapo watu wanaokaa na njaa kila mwezi kwa sababu tu waliambiwa hivyo miaka kumi iliyopita na hawajawahi kuuliza tena.

Mtihani usioibiwa

Kipimo hicho kina jambo jingine ambalo ni vyema ulifahamu. Sukari iliyo katika damu hushikamana na hemoglobini ndani ya chembe nyekundu, na chembe hizo huishi takriban siku 120. Kwa hivyo daktari anapotazama HbA1c, anaona jinsi sukari yako ilivyokuwa kwa miezi miwili hadi mitatu iliyopita.

Nayataja haya kwa sababu wagonjwa tuna ujanja wetu. Wapo wanaokula watakavyo kwa wiki tatu, kisha juma la mwisho wanashikilia mboga za majani na dawa kwa bidii, mithili ya mwanafunzi anayekesha usiku wa kuamkia mtihani. Kidole kinapotobolewa, nambari inapendeza na kila mtu anafurahi. Anayedanganywa hapo ni nani? Daktari ataiacha dawa ile ile kwa kipimo kile kile, akiamini inatosha. Ni afadhali kufika na nambari mbaya iliyo ya kweli, ukasema, “Daktari, mwezi huu vidonge viliisha tarehe 20 na sikuwa na pesa,” kuliko kuongezewa au kupunguziwa dawa kwa habari za uongo.

Presha nayo ina visa vyake. Ukiwa umetoka kupanda ngazi, umevuta sigara au umekunywa kahawa, itaonyesha juu kuliko ilivyo. Keti kwa dakika tano, mgongo ukiegemea kiti, miguu chini, mkono juu ya meza, na usiongee wakati wa kupimwa. Ikiwa foleni inasukumwa upesi na umepimwa ukiwa unahema, omba upimwe tena. Ni haki yako, na huenda ikakuepusha na kidonge ambacho hukihitaji.

Daftari lako, si faili lao

Mama yangu mzazi aliishi na presha kwa miaka mingi. Alikuwa na daftari la shule la kurasa 32, lililofunikwa kwa karatasi ya gazeti. Kila akitoka kliniki aliniita nimwandikie: tarehe, presha, uzani, majina ya dawa na kipimo chake, na lililosemwa na daktari. Mimi niliona ni usumbufu wa wazee. Kisha siku moja hospitali aliyokuwa akienda ilishindwa kupata faili yake. Ilitafutwa hadi saa nane bila kuonekana. Wagonjwa wengine watatu waliokuwa na tatizo hilo hilo waliambiwa warudi wiki iliyofuata. Yeye alitoa daftari mkobani, daktari akalisoma na kuendelea na kazi.

Faida ya daftari haiishii hapo. Msomaji atakumbuka mgomo wa madaktari ulioanza Desemba 5, 2016 na kudumu siku 100, na ule wa wauguzi uliofuata mwaka 2017 kwa takriban miezi mitano. Mwaka 2024 madaktari waligoma tena kwa siku 56. Faili zinapofungiwa katika chumba cha kumbukumbu, mwenye daftari anaweza kwenda hospitali ya misheni au kituo cha afya cha jirani akahudumiwa bila kuanza upya. Asiye nalo husema, “Nilikuwa natumia kile kidonge cheupe kidogo.” Vidonge vyeupe ni vingi.

Katika ukurasa wa mwisho wa daftari andika maswali yako, mawili au matatu yasiyozidi, siku yanapokujia kichwani. Ukiketi mbele ya daktari, uliza kwanza lile linalokutisha zaidi. Nguvu za kiume zilizopungua, kwa mfano, huachwa hadi mgonjwa ameshika kitasa cha mlango, au haziulizwi kabisa, ilhali zinaweza kuwa ishara ya sukari, presha au dawa yenyewe.

Omba tarehe zipunguzwe

Tarehe ya kurudi haikuandikwa kwenye jiwe. Sukari na presha yako zikiwa zimetulia, mwulize daktari kama anaweza kukuandikia dawa za miezi miwili au mitatu. Tayari nchini wapo wagonjwa wanaofanyiwa hivyo. Mwongozo wa Wizara ya Afya wa mwaka 2016 kuhusu matibabu ya virusi vya Ukimwi uliruhusu wagonjwa waliotulia wamwone mtabibu kila baada ya miezi sita, huku wakichukua dawa katikati bila kupitia foleni yote. Kwa maoni yangu, mwenye presha iliyotulia hastahili kuchoshwa kuliko hao.

Mweleze karani pia ikiwa una kliniki mbili katika hospitali moja. Karani wa macho hajui kwamba sukari hukutana Jumanne. Wewe ndiwe unayejua. Na ikiwa unasafiri hadi hospitali kuu ya kaunti kwa ajili ya kupimwa presha na kuchukua vidonge tu, uliza kama kituo cha afya kilicho karibu nawe kinaweza kukushughulikia, hospitali kuu ikabaki ya mara moja au mbili kwa mwaka. Magharibi mwa nchi, mpango wa AMPATH wenye makao Eldoret ulikwenda mbele zaidi, ukapeleka huduma za sukari na presha katika mikutano ya vikundi vya kuweka akiba, hivi kwamba siku ya chama ikawa pia siku ya kliniki.

Kuhusu malipo, kumbuka kwamba NHIF haipo tena. Nafasi yake ilichukuliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, kuanzia Oktoba 1, 2024. Hakikisha umesajiliwa na mchango wako uko sawa siku kadhaa kabla ya kliniki. Kugundua dirishani saa nne asubuhi kwamba mtambo haukutambui ni kupoteza siku nzima.

Ikiwa umeshakosa

Huenda unayasoma makala haya huku kadi yako ikiwa chini ya lile godoro. Tarehe ilipita miezi minne iliyopita. Usingoje hadi upate “tarehe mpya” kwa muujiza, wala usianze kumeza vidonge vya jirani kwa kuwa vinafanana na vyako. Nenda siku ya kliniki inayofuata, hata kama hukuitwa. Waombe watu wa nyumbani wakusindikize ikiwa unaogopa kufokewa. Watu husemeshwa kwa adabu zaidi wakiwa wawili. Beba dawa zote zilizobaki, hata pakiti tupu, ili daktari ajue uliacha nini na lini. Ni muhimu, kwa kuwa baadhi ya dawa za presha zikikatizwa ghafla presha hupanda kwa kasi, na si salama kuzianza tena kwa kukisia.

Dirishani sema hivi tu: “Nilikosa, nimerudi, naomba kuonwa leo.” Na kabla ya kuketi kwenye benchi, vua viatu na soksi utazame nyayo zako na katikati ya vidole. Ukiona kidonda, lengelenge au pahali palipobadilika rangi, hata kama hapaumi, mwonyeshe muuguzi wa kwanza utakayekutana naye.