Usingizi Usiokuja: Njia za Kuusaidia Bila Vidonge

Katika ziara zetu za robo hii ya mwaka kwa vikundi vya wahudumu wa wagonjwa majumbani, tulikwenda kuzungumzia lishe na vyandarua. Jambo lililojitokeza hatukulitarajia: wahudumu wenyewe hawalali. Mama mmoja anayemuuguza mumewe alitueleza kwamba kila jioni hupitia duka la dawa na kununua vidonge viwili vya usingizi bila cheti cha daktari, na sasa viwili havimtoshi. Tumeona ni vyema kulieleza suala hili hapa, kwa kuwa kamati za parokia ndizo zinazowajua watu hawa kwa karibu, na wafadhili wetu wamekuwa wakiuliza kwa nini baadhi ya wahudumu huchoka na kuacha kazi.

Usingizi huendeshwa na mambo mawili. La kwanza ni uchovu unaojilimbikiza tangu tunapoamka. Kadiri tunavyokaa macho ndivyo unavyozidi. La pili ni saa ya mwili, ambayo hufuata mwanga na giza. Wanasayansi watatu wa Marekani walioeleza utendaji wa saa hiyo walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2017. Sasa, mtu aliyekosa usingizi hujaribu kufidia kwa kubaki kitandani hadi jua limepanda, au kwa kulala mchana kutwa. Hapo huharibu yote mawili: uchovu ambao ungemsaidia usiku ameupunguza mchana, na saa ya mwili imeyumba. Kwa hiyo ushauri wetu wa kwanza, ambao wengi huupokea kwa mguno, ni kuamka saa ile ile kila siku, hata baada ya usiku mbaya, na kutoka nje kupata mwanga wa asubuhi. Aliyekesha na mgonjwa ni habari nyingine. Huyo apumzike mchana, na hakuna ushauri wetu wowote unaoweza kuchukua nafasi ya mtu wa kumpokea zamu.

Jambo la pili ni kitanda chenyewe. Anayegaagaa kila usiku akiwaza ada na deni hufundisha mwili wake kwamba kitanda ni mahali pa mahangaiko. Ukiona usingizi hauji kwa muda wa kama dakika 20 (usitazame saa, kadiria tu), inuka, kaa penye mwanga hafifu, chambua maharage au sali, na urudi pale kope zinapokuwa nzito. Ikibidi, rudia. Usiku wa kwanza na wa pili utaona tunakutesa. Njia hii ilielezwa na Richard Bootzin wa Marekani mwaka 1972, na mwaka 2016 chama cha madaktari bingwa wa magonjwa ya ndani nchini humo kilishauri kwamba watu wazima wenye tatizo sugu la usingizi waanze na mafunzo ya namna hii kabla ya dawa.

Chai nayo tuitazame. Kafeini ya chai ya rangi au kahawa inayonywewa saa mbili usiku, kwa watu wengi karibu nusu yake bado iko mwilini saa saba usiku. Mchaichai usiotiwa majani ya chai hauna kafeini. Hatuwezi kuahidi kwamba unaleta usingizi, lakini hauufukuzi. Pombe humlaza mtu haraka, kisha humwamsha usiku wa manane. Kuoga maji ya moto saa moja au mbili kabla ya kulala husaidia, maana mwili ukipoa baadaye usingizi huja kwa urahisi. Simu ibaki mbali na mto.

Kwa wenzetu wa sehemu za baridi tunasisitiza: msiingize jiko la mkaa chumbani ili mlale vizuri. Moshi ukiisha, mkaa bado hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na familia nzima inaweza isiamke.

Wapo pia ambao tatizo lao linahitaji kituo cha afya. Anayekoroma sana na kukatika pumzi, anayetokwa jasho usiku na kukohoa, anayeamka mara nyingi kukojoa, au anayeamka alfajiri akiona maisha hayana maana, asiachiwe mchaichai. Hali kadhalika, dawa ya VVU ya dolutegravir huweza kumkosesha usingizi baadhi ya watumiaji. Mwenye tatizo hilo asiache dawa hata siku moja. Aulize kliniki yake kama anaweza kuinywa asubuhi badala ya jioni.

Na aliyezoea vidonge vya usingizi kwa wiki nyingi asivikatishe ghafla, kwani anaweza kupata degedege. Kuvichanganya na pombe ni hatari zaidi. Mama tuliyemtaja alipelekwa hospitali, na daktari anampunguzia dozi kidogo kidogo. Jumuiya yake imempatia msaidizi wa kukaa na mgonjwa usiku wa Jumanne na wa Ijumaa.